Duka Lisikie Kwanza: Mashine na Kazi za Kurudiarudia katika Biashara ya Mombasa

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyabiashara, walimu na wanafunzi, Mji wa Kale, Mombasa)

  Namshukuru aliyeupanga mhadhara huu baada ya Isha badala ya saa kumi alasiri, maana saa kumi hakuna mwenye duka wa Mtaa wa Biashara ambaye angeacha mlango wake aje kunisikiliza mimi, na angekuwa na haki.

Nimeombwa nizungumzie programu za kusimamia uhusiano na wateja, hasa sehemu yake inayofanya kazi za mauzo zinazojirudia bila mtu kuzigusa: kumjibu aliyeuliza bei usiku, kumwarifu mteja kuwa mzigo wake umeondoka, kuandika nani kalipa na nani bado, kukumbusha deni. Kusudi langu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba zana hizi zinatufaa, hata duka la mlango mmoja, ila wengi wetu tunaziingilia kinyumenyume. Tunaifundisha mashine kusema kabla haijajua kusikia. Tunanunua meseji elfu za kutangaza mali, na huku hatujui ni nani katika hao elfu aliyenunua jana.

Nina hoja nne. Ya pili na ya tatu ndizo ndefu, kwa hiyo anayetaka kuitafuta kahawa aitafute katika ya kwanza.

Hoja ya kwanza: kazi inayojirudia si kuuza, ni kukumbuka

Tusitishwe na majina makubwa. Ingieni nami katika duka la leso. Ni duka la mfano tu, msilitafute. Asubuhi, mlango haujafunguliwa vizuri, simu ya duka imekwisha jaa. Yuko wa Malindi anayeuliza kama mzigo mpya umeshuka. Yuko wa Garissa anayetaka bei ya korija. Yuko bibi harusi wa Nairobi anayetaka doti thelathini za sare na hajaamua jina gani. Yuko jamaa yetu wa Maskati anayetaka picha. Karani anaipiga leso picha, anamtumia huyu, kisha yule, na kila mara anaandika bei ile ile kwa kidole kimoja. Adhuhuri anafungua meseji za M-Pesa upande mmoja na daftari upande wa pili, anaoanisha jina kwa jina. Jioni vifurushi vinakwenda kwenye ofisi za mabasi Mwembe Tayari, anapiga picha risiti, anamtumia kila mwenye mzigo. Usiku anafungua kurasa za deni.

Tufanye hesabu ya mfano. Jumbe 40 kwa siku, kila mmoja dakika tatu, ni saa mbili. Kwa siku 26 za kazi ni saa 52, yaani zaidi ya siku sita za kazi za mtu mmoja kila mwezi. Na katika saa hizo 52 hakuna leso iliyouzwa. Leso inauzwa pale mama anapoifungua doti, akalisoma jina, akacheka au akanuna. Inauzwa kwa yule mshitiri anayeuliza bei ya mwisho akiwa ameshageukia mlangoni. Karani mzoefu anajua kwamba huyo ndiye anayenunua.

Zile kazi nyingine zote ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya maduka yetu imekaa mahali pa hatari. Imekaa katika kichwa cha karani mmoja mzee, na siku akienda Umra duka linakuwa geni kwa mwenyewe. Au imekaa katika simu ya mpwa, na mpwa akipata kazi Doha, wateja wamepanda ndege naye.

Wakubwa waliotutangulia walilijua tatizo hili wakalitatua kwa karatasi. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, tunayoijua sote kwa chapa ya Mali ya Abdulla, inahesabu mwanzo wake tangu 1887. Allidina Visram, aliyefariki 1916, alikuwa na matawi kutoka pwani hii mpaka Uganda. Biashara ya namna hiyo haishikiki kwa kichwa kimoja. Ilishikwa kwa barua, vitabu vya hesabu na makarani. Programu za kisasa zilipoanza kuuzwa Marekani, ACT! mwaka 1987, kisha za Siebel, kampuni iliyoanzishwa 1993, na za Salesforce, iliyoanzishwa 1999, zilichukua nafasi ya kisanduku cha kadi za wateja kilichokaa mezani. Hapo hapakuwa na uchawi. Lililobadilika ni kwamba kadi sasa inaweza kufanya kazi yenyewe: likitokea hili, fanya lile. Malipo yakiingia, funga deni. Siku saba zikipita bila jibu, mwambie karani. Kanuni fupi za namna hiyo ndizo roho ya jambo zima, na mtu yeyote aliyewahi kumwelekeza kijana mpya dukani anaweza kuziandika.

Hoja ya pili: masikio ya duka

Basi tuanze na kusikia. Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, kila anayetulipa kwa simu anaacha nyuma yake saa, tarehe, kiasi na jina. Ndiyo habari ya kweli kabisa tuliyo nayo juu ya wateja wetu, kwa sababu mtu anaweza kuahidi mengi kwa mdomo lakini hutoa fedha kwa anachokitaka. Nasi tunaisoma meseji, tunasema “imeingia”, inapita.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango uitwao Daraja, ambao kupitia kwake programu ya duka hupokea taarifa ya malipo moja kwa moja bila mtu kunakili. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji wa programu hawalielezi vizuri, niruhusuni nilikalie kidogo. Kuna tofauti kubwa kati ya njia mbili za duka kupokea M-Pesa, tili na Paybill. Malipo ya tili yanaingia na jina, kiasi na saa, bila namba ya akaunti. Wakilipa wanawake wawili wa jina moja, siku moja, bei moja, mashine itakisia kama anavyokisia karani, na itakosea kwa haraka zaidi. Paybill inamtaka mteja aandike namba ya akaunti. Mkiifanya namba hiyo kuwa namba ya ankara, au namba mliyompa mteja huyo, malipo yanaingia yakijua yenyewe yamekuja kulipa nini. Njia ya tatu ni ile ya programu kutuma ombi la malipo likatokeza kwenye simu ya mteja, naye akabaki kutia PIN. Hapo hakuna cha kukisia, maana aliyeomba ni programu yenyewe.

Ushauri wangu ni huu: rejareja ibaki na tili, kwa kuwa mteja aliyesimama mbele yako hataki kuandika namba mbili. Wa jumla na wa deni wahamie Paybill. Badiliko hilo peke yake, kabla hamjanunua kitu, litamwondolea karani sehemu kubwa ya kazi ya adhuhuri.

Na mtu asidhani kwamba tili itampa namba za simu za wateja ili awarushie matangazo. Katika miaka ya karibuni Safaricom imekuwa ikificha tarakimu za namba ya mlipaji katika taarifa zinazokwenda kwenye programu za wafanyabiashara. Mimi nasema wamefanya vyema. Namba ya mteja iombwe kwa mdomo, aambiwe ni ya nini, atoe akipenda.

Sikio la pili ni maswali. Programu ya WhatsApp ya biashara ilitoka 2018, ni ya bure, na simu nyingi za maduka humu mjini zinayo. Ndani yake mna lebo zilizowekwa tayari: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyelipa, oda iliyokamilika. Mkononi mwa wangapi lebo hizo zimeguswa? Msinyooshe mikono, nisije nikaaibisha watu. Duka likizitumia lebo hizo tano kwa msimu mmoja mzima, kutoka Mfunguo Mosi mpaka Mwezi wa Rajabu tuseme, litakuwa limejijua. Litajua ni wangapi wanauliza na wangapi wanalipa, na wanapotea hatua gani. Aghalabu utakuta hawapotei kwenye bei. Wanapotea kati ya swali la saa tatu usiku na jibu la saa nne asubuhi, muda ambao wamekwisha uliza kwa jirani.

Baada ya hapo ndipo programu kamili ina cha kumeza. Ikiunganishwa na malipo, lebo inajibadilisha yenyewe fedha zikiingia. Risiti ya basi ikipigwa picha na kuwekwa kwenye oda, mteja wa Garissa anapata habari papo hapo. Ikiunganishwa na eTIMS ya KRA, ankara ya kodi inatoka pamoja na oda. Na hilo si jambo dogo kwa wauzaji wa jumla, kwa sababu tangu 1 Januari 2024 mfanyabiashara asiye na ankara ya kielektroniki hawezi kuitoa gharama ya alichonunua katika hesabu ya kodi yake, na wateja wenu wanalijua hilo kuliko ninyi.

Kuna sikio moja ambalo programu za kigeni hazina, nalo ni la majina. Zinakuja na nafasi mbili: jina la kwanza, jina la ukoo. Sasa chukueni simu ya duka lolote hapa Kibokoni. Mtamkuta Ali Mohamed wa Lamu, Ali Mohamed wa Bondeni, Ali Mohamed wa pikipiki, na Ali Mohamed mpya. Mtamkuta Mama Fulani ambaye hakuna mtu dukani anayejua jina alilopewa na babake, na kulitaja kungekuwa utovu wa adabu. Mashine ikimwandikia bibi wa miaka sabini kwa jina lake la kwanza tupu, kama anavyoitwa mtoto aliyetumwa chumvi, duka limejiharibia. Programu karibu zote zinaruhusu kuongeza nafasi mpya. Ongezeni moja iitwayo “anavyoitwa”, mwandike humo Bi, Mzee, Maalim, Mama Fulani, na kila ujumbe ulichukue jina kutoka hapo. Ni kazi ya nusu saa. Sijaona bado muuzaji wa programu aliyeipendekeza.

Hoja ya tatu: lini mashine iseme

Kanuni ninayoipendekeza ni hii. Mashine iseme yenyewe ikiulizwa, au ikitoa habari ya jambo lililokwisha kutokea. Malipo yamefika. Mzigo umeondoka na basi la usiku. Tunafungua saa tatu, Ijumaa tunafunga kwa sala. Mambo hayo yaachieni mashine na msiyarudie. Zaidi ya hapo, mashine iandae, mtu abonyeze.

Kwa nini ninasisitiza? Chukueni salamu za Idd. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kumbusho lililowekwa lijirudie kila mwaka tarehe fulani litakosa Idd mwaka unaofuata, na linazidi kukosa kila mwaka. Hilo mtu makini atalirekebisha kwa mkono. Lakini hata ukiijua siku, hujaijua: sisi wenyewe tunalala tukisubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na katika nyumba moja utamkuta anayefuata mwezi wa hapa na anayefuata mwezi wa Saudia. Programu haina subira hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi itawatakia watu Idd njema na punguzo la bei, nao wamefunga siku ya thelathini. Namwona mzee pale nyuma anacheka. Yaelekea ujumbe ulimfikia.

Tena matangazo yenyewe hayafiki kama tunavyodhani. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 tu kwa mara moja, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Anayetumia ule mfumo mkubwa wa WhatsApp wa kulipia, unaoungana na programu, ana uhuru wa kuandika apendavyo kwa saa 24 tangu mteja alipomwandikia mara ya mwisho. Zikipita, lazima atumie ujumbe ulioidhinishwa mapema. Maana yake mfumo mzima umepangwa kumpendelea anayejibu. Mwenye kupiga kelele analipia kila kelele.

Sasa tufike kwenye deni, maana najua ndiko wengi mnakoningojea.

Nchi hii imekwisha ona mashine ikidai deni bila mtu kuisimamia. Kampuni za mikopo ya simu zilichukua orodha za majina kutoka simu za wakopaji, na mkopaji akichelewa, mama mkwe, bosi na mwalimu wa mtoto wote wanapata habari. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikakataza aibu hizo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya namna hiyo faini ya shilingi 2,975,000. Mwaka huo huo sehemu moja ya starehe Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wenye maduka mnaoweka kwenye stetasi picha za wateja waliojifunga leso mpya, hapo mmesikia.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si ya makampuni makubwa pekee. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria yoyote iliyoandikwa inaporuhusu na mhusika ameelezwa. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Kama programu imemfungia mteja mlango wa kukopa, anaweza kudai binadamu alitazame upya. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haihitaji kujisajili kwa Kamishna, lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Na wenye nyumba za wageni hapa Mji wa Kale sikilizeni: biashara za kupokea wageni zimo katika orodha ya wanaotakiwa kujisajili hata wakiwa wadogo.

Hiyo ni serikali. Kuna pia adabu yetu wenyewe. Dini imetuhimiza tumpe muda mwenye dhiki, na mtaa una kumbukumbu ndefu juu ya nani alimdai nani siku gani. Kwa hiyo mashine ihesabu siku, lakini imnong'oneze mwenye duka, isimwandikie mdaiwa. Iseme: fulani ametimiza siku 45. Mwenye duka ndiye anayejua kwamba mama huyo amefiwa na mumewe na yuko eda, miezi minne na siku kumi, na kwamba ujumbe wa deni ukiingia katika simu yake kipindi hicho ukoo mzima utahamia duka la pili. Programu nyingi zinaruhusu kumbusho la mteja mmoja lisimamishwe mpaka tarehe unayoitaka. Kibonyezeni kitufe hicho bila kuona haya, na muandike sababu, ili kijana atakayekuwa dukani mwezi ujao asilifungue.

Vijana wataniambia: mzee, kwa mwendo huo maduka yatakufa na madeni. Nawajibu kwamba kwa nilivyoona, madeni mengi ya mitaani hayakukataliwa, yamesahauliwa, tena na pande zote mbili. Deni lililoonekana siku ya 30 linazungumzika. Lililogunduliwa baada ya miezi minane, daftari limelowa chai, hulipati, hata ukiwa na programu ya dola mia. Mashine inamwokoa mwenye duka kwa kumwonyesha mapema, basi. Kwenda kubisha hodi ni kazi yake.

Na makarani? Nimeulizwa swali hili mlangoni kabla sijaingia, na aliyeuliza ni karani. Sitamdanganya. Duka lenye makarani watatu wanaonakili meseji siku nzima, baadaye litahitaji wawili. Atakayebaki ni yule anayejua majina, anayejua nani yuko eda, anayejua kupatana bei. Kwa hiyo mwenye duka aliye mwungwana amtume karani wake mzee akae na kijana wa programu tangu siku ya kwanza, kanuni ziandikwe kwa maneno ya mzee huyo. Anayemficha karani akamletea mashine kwa ghafla atapata mashine isiyojua lolote na karani aliyenuna.

Hoja ya nne: chai

Atakayeniambia kwamba mambo haya ni ya Nairobi na Ulaya, namwelekeza Nyerere Avenue, hapa hapa kisiwani. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na kwingineko inauzwa hapo kwa dola. Kwa nusu karne wanunuzi walikaa ukumbini, dalali akataja fungu, bei zikapanda kwa sauti, nyundo ikagonga. Mfumo wa kielektroniki ulikuwa ukiandaliwa na kujaribiwa, na wengi walikuwa na mashaka nao. Uviko ulipokuja 2020 ukumbi ukawa hatari, na mnada ukahamia kwenye skrini.

Mnada wa miaka mingi uliwezaje kuhama namna hiyo? Kwa sababu kabla ya nyundo kuingia kwenye skrini, kila fungu la chai lilikuwa na namba yake, kiwanda chake, gredi yake, idadi ya magunia na uzito wake, vyote katika katalogi, wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi. Mashine ilikuta biashara iliyozoea kuandika. Na lipo ambalo halikuhama kabisa: sampuli bado zinatumwa kwa wanunuzi, na mwonjaji bado anavuta chai kwa kijiko kwa kishindo, anatema, anaandika bei anayoiona inafaa. Hakuna aliyethubutu kuutoa ulimi wake katika hesabu.

Duka lisilo na orodha ya mali yake haliwezi kuhama namna hiyo, hata likinunua programu ile ile wanayotumia matajiri wa London.

Tunakokwenda

Ninayoyaona mbele yetu yanawezekana bila kungoja mtu kutoka nje. Programu nyingi za kigeni zinatozwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi, na tumeona Januari 2024 dola ikifika karibu shilingi 160 kabla ya kurudi kwenye karibu 130. Muuza bizari wa Marikiti hawezi kufunga bei yake kwa upepo huo. Ninyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, na wenzenu mnaojifunzia programu humu mjini, mnayo nafasi ambayo hamjaitumia: programu ya Kiswahili, yenye kalenda mbili, ya jua na ya mwezi, yenye nafasi ya “anavyoitwa”, yenye kitufe cha kungoja, inayopokea malipo kutoka Daraja, na inayolipiwa kwa shilingi. Msianze kuandika mistari ya programu. Anzeni kwa kukaa wiki moja nyuma ya kaunta ya duka la leso na wiki moja kwa muuza bizari, mkiandika kila swali linaloulizwa zaidi ya mara tatu.

Na ninyi wenye maduka, wakija, wapeni kigoda. Wasipokuja, msingoje. Wekeni lebo, hamisheni wateja wa deni kwenye Paybill, andikeni majina. Halafu siku atakapokuja muuzaji wa programu na suti yake, mwulizeni mambo mawili tu. Je, malipo ya M-Pesa yanaingia yenyewe na kufunga deni lake? Na nikiamua kuondoka kwako, nitaondoka na wateja wangu wote katika faili ninaloweza kulifungua bila wewe? Akisita katika mojawapo, mpeni kahawa, msimpe fedha.